Desemba Iliyohama

Siku za mikutano ya bodi, skrini kubwa ya ukutani inapowashwa, kuna kimya kifupi ambacho watu wa kiwanda kile cha maziwa mjini Meru bado hawajajua wakifanyie nini. Mwenyekiti hutazama mishale, ya kijani na myekundu, akavuta pumzi, kisha akageuza shingo kuelekea kiti cha pembeni karibu na dirisha. Kiti hakina mtu. Skrini inawaka kama ilivyowaka siku zote, na takwimu zake pengine ni sahihi zaidi kuliko zamani. Hata hivyo shingo ya mzee hugeuka, na kwa muda hakisikiki kitu ila vijiko ndani ya vikombe.

Aliyekuwa akikaa pale ni Mwanatatu Sulemani, binti wa mwenye bucha wa mtaa wa Majengo. Yeye ndiye aliyeutengeneza mfumo wa kompyuta ambao wakubwa wa kiwanda huutegemea wanapoamua lori lipite wapi, kituo kipi kiongezewe tangi la kupozea maziwa, na kipi kifungwe. Kiwanda hukusanya maziwa kwenye miinuko ya Meru na kushuka mpaka Embu, Runyenjes na vilima vilivyo juu ya Kianjokoma. Hakuna mkurugenzi anayeweza kufika kote huko na bado akapata nafasi ya kuketi ofisini. Kabla ya Mwanatatu, bodi iliamua kwa kumsikiliza mwenye sauti kubwa. Alipokuja yeye, sauti ikahamia ukutani.

Alizaliwa Majengo, katika vyumba vya kupanga nyuma ya msikiti, mahali ambapo adhana ya alfajiri na shoka la bucha husikika karibu kwa wakati mmoja. Babu yake alikuwa Mnubi, nyanya yake Mborana, mama yake Mmeru aliyesilimu. Mtaani kwao hakuna aliyeona ajabu. Alipotoka shuleni alisimama nyuma ya meza ya baba yake akifunga nyama kwenye karatasi, na huko ndiko alikoanza tabia iliyomchosha kila mtu, ya kuuliza kwa nini. Sulemani akisema kesho atachinja mbuzi wawili badala ya mmoja, binti anauliza amejuaje. Sulemani anasema nimejua tu. Binti hakubali.

Tabia hiyo ilimpeleka chuo kikuu Nairobi, akasoma hisabati na kompyuta, na wenzake walipobaki kule kwenye majumba ya vioo, yeye akarudi. Hakueleza sana sababu. Alisema tu kwamba Nairobi ukitazama dirishani huoni mlima.

Pale kiwandani alianza kama karani wa kuingiza takwimu. Mkurugenzi mkuu, Eunice Kinya, mwanamke mwenye haraka na akili kali, ndiye aliyemtoa kwenye ukarani akamwambia, "Nataka nikiingia ofisini asubuhi nione kiwanda chote kwa jicho moja." Mwanatatu akakaa na ombi hilo kwa miezi. Wengine wangejaza skrini rangi na maandishi mpaka macho yaume. Yeye alikuwa akipunguza. Kila wiki alifuta kitu.

"Weka na bei ya mafuta," Eunice alimwambia siku moja. "Weka hali ya hewa. Weka wafanyakazi waliokosa kazini."

"Madam, ukurasa ukijaa, bodi itaanza kuangalia simu zao."

"Tayari wanaangalia."

"Basi tuwape sababu ya kuinua vichwa."

Walivyoinua vichwa! Wazee waliokuwa wakibishana kuhusu mito na koo, sasa walikuwa wanabishana kuhusu mishale. Kila kituo kilikuwa na mstari wake, na mstari ukishuka mfumo ulijua kama ni mshuko wa kawaida. Ulijua mvua kubwa za Aprili hukwamisha malori. Ulijua kwamba kila Desemba maziwa hupungua kila mahali, yakarudi Januari, kwa hiyo mwezi huo haukupiga kelele. Lakini kituo kikianguka chini ya nusu ya uwezo wake kwa wiki kadhaa mfululizo, bila sababu inayojulikana, kiligeuka chekundu, na chini yake yakatokea maneno mafupi ambayo Mwanatatu aliyaandika mwenyewe: Pendekezo, kifungwe.

Alikuwa anajivunia maneno hayo. Aliyaona safi.

Mwaka wa 2022, Ramadhani iliangukia Aprili. Katikati ya mwezi huo kituo kilicho juu ya Kianjokoma kikawa chekundu. Vituo vingi vilikuwa vimeshuka, lakini kile kilikuwa kidogo, na kituo kidogo kikishuka huonekana kama kimeporomoka. Mvua ilikuwa haba msimu ule na barabara zilipitika, kwa hiyo mfumo haukuwa na kisingizio cha kukipa. Maneno yakatokea. Bodi ilikuwa ikutane Alhamisi kuamua, na mpango ulikuwa tayari: tangi lingeng'olewa na kupelekwa Runyenjes, na wafugaji wa huko juu wangeteremsha maziwa yao kwa boda boda. Ya asubuhi yangefika. Ya jioni yangelala bila kupozwa na kuamka yamechacha.

Mwanatatu alimpigia simu Virginia, msimamizi wa kituo kile. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso, lakini walikuwa wakisikilizana kwenye simu karibu kila juma.

"Virginia, maziwa yameenda wapi?"

"Yako, madam."

"Yako wapi? Kwangu hayaonekani."

"Yako nyumbani."

"Nyumbani yanafanya nini?"

"Maziwa hufanya nini, madam? Yananywewa." Akacheka, halafu kicheko kikakatika. "Ni kweli mnataka kutufungia?"

"Mfumo ndio umependekeza."

"Huyo mfumo ashawahi kukamua?"

"Niambie yananywewa na nani, nitauambia."

Virginia alishusha sauti. Nyuma yake ilisikika mitungi ikigongana. "Madam, maswali mengine si ya simu. Na mengine si ya wanawake. Wewe ngoja tu. Yatarudi."

"Lini?"

"Yatarudi," Virginia alisema, akakata.

Jibu kama hilo lingemkasirisha mtu mwingine wa kazi yake. Yeye lilimkosesha raha kwa namna nyingine. Kwa miaka alikuwa amewafundisha wakubwa kuamini ukuta wake, na sasa alikuwa na sauti ya mwanamke mmoja aliyejua jambo ambalo ukuta haukulijua, na hakuwa na mahali pa kuliandika. Mfumo haukuwa na nafasi ya maneno "yatarudi". Ulikuwa na nafasi ya lita tu.

Siku moja kabla ya mkutano alifuturu kwa baba yake. Sulemani alichelewa kukaa kwenye mkeka. Aliingia akinuka mafuta ya mbuzi, akafungua kwa tende na maji, akaswali, ndipo akarudi kwenye uji.

"Leo mifupa imeisha tangu saa nane," alisema. "Wiki nzima hivyo. Mifupa ya supu, maini, mguu. Nimeagiza zaidi."

"Si ni Ramadhani, Baba."

"Na mimi nilidhani hivyo. Lakini wanaonunua si watu wa Majengo. Ni watu wa huko juu, wanaume, wanakuja na mifuko. Mutugi yule wa kahawa amekuja mara ngapi! Nikamwuliza, mzee, kwako kuna sherehe? Akacheka." Sulemani akapuliza uji. "Hii biashara naiona Desemba. Ni kama Desemba imerudi."

Mwanatatu akaweka kikombe chini.

"Kwa nini Desemba, Baba?"

"Kwa nini tena! Vijana. Si wakimaliza darasa la nane wanaingia jando? Halafu wanakaa ndani wapone, na kila nyumba inawapelekea chakula. Supu, uji, maziwa. Wakitoka huko wamenenepa mashavu. Wewe umekulia hapa, hujui?"

Alijua. Kila mtu anayekulia Meru anajua, hata kwao Majengo, ambako mvulana hutahiriwa angali mdogo na mambo yakaisha kwa pilau. Lakini alijua kama mtu anavyojua kitu kilicho nyuma ya ua wa jirani. Alikuwa ameiona Desemba ikishusha maziwa mwaka baada ya mwaka, akadhani ni chai ya Krismasi na wageni kutoka mijini, akaufundisha mfumo jina la mwezi bila kuufundisha sababu. Kisha korona ilifunga shule, kalenda ikavurugika, mtihani wa darasa la nane ukafanywa Machi. Vijana waliingia jando Machi na Aprili. Desemba ilihama, na kompyuta yake ilibaki inaingoja mahali pale pale.

"Baba, kesho wanataka kufunga kituo kwa sababu ya hiyo supu."

Sulemani alitikisa kichwa. "Usiende kuwaambia wanaume wa mlimani habari za vijana wao walioko ndani. Mwanamke, tena Mwislamu wa Majengo? Watakutoa nje kabla hujamaliza sentensi."

"Basi niwaambie nini?"

"Mimi nauza nyama," alisema baba yake, na kumsogezea sambusa.

Kesho yake chai ilizunguka mezani na kumpita Mwanatatu, kwa kuwa wote walijua amefunga. Walikuwa watu saba au wanane, karibu wote wanaume wenye umri. Mwenyekiti Kiambi alisoma ajenda. Aliyesimama kwanza kutaka kituo kifungwe alikuwa Gitari, mkurugenzi wa upande wa Embu, ambaye shamba lake liko hukohuko juu ya Kianjokoma.

"Watu wangu nawajua," alisema kwa uchungu wa mtu aliyeaibishwa na nduguze. "Wamepata broka wa kuwanunulia maziwa na kuwalipa papo hapo. Ng'oeni tangi. Wakimwaga maziwa ya jioni mara moja mbili, watatia akili."

Wengine wakaguna kukubali. Eunice akamtazama Mwanatatu. "Mfumo unasemaje?"

"Unasema kifungwe, Madam. Naomba niwaonyeshe kitu kimoja kabla hamjapiga kura."

Alibonyeza. Mstari wa Aprili wa kituo kile ukatokea ukutani, mwekundu, ukiteremka. Akabonyeza tena. Mstari wa pili, wa kijivu, ukaja juu yake, ukashuka pale uliposhuka wa kwanza, ukajikunja pale ulipojikunja, ila wenyewe ulikuwa mrefu zaidi, na mwisho wake ulikuwa unapanda. Kisha akaonyesha kituo kingine, na kingine, vya Meru na vya Embu. Kila mahali mistari ililaliana.

Kiambi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Huo wa kijivu ni wa wapi?"

"Ni wa palepale, Bwana Mwenyekiti. Ni Desemba ya zamani, kabla ya korona. Nimeiweka juu ya Aprili."

"Desemba haiji Aprili, binti."

"Na mimi ndivyo nilivyoifundisha kompyuta. Nilikosea. Mwaka huu imekuja."

"Kwa sababu gani?" Eunice aliuliza, kalamu mkononi.

Hapo Mwanatatu alisita, na waliokuwapo husema ndipo walipomwona kweli kwa mara ya kwanza, msichana mwembamba wa Majengo mwenye midomo iliyokauka kwa saumu, amesimama kati yao na ukuta.

"Sababu si yangu kuitaja, Madam. Sidhani ni ya mwanamke yeyote katika chumba hiki kuitaja."

Kalamu ya Eunice ikatulia. Yeye ni Mmeru. Alielewa kabla ya wanaume, akainamisha macho kwenye karatasi zake. Wazee wakatazamana. Mtu mmoja akakohoa bila kikohozi.

"Gitari," Kiambi alisema polepole. "Kijana wako wa mwisho alifanya mtihani lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Na sasa yuko wapi?"

"Mzee, unajua aliko."

"Na ng'ombe wako wanapeleka maziwa kituoni?"

Gitari aligeukia ukuta. Alitazama mstari mwekundu, ambao kwa sehemu ndogo ulikuwa wake. Uso wake ulianza kukunjamana, na ikawa si hasira. Alikuwa anacheka. "Bwana Mwenyekiti," alisema akijifuta macho, "huyo kijana anakunywa kama ndama! Na wenzake wawili wa jirani! Mama yake alinieleza maziwa ya kuuza hayapo, nikamwambia hiyo ni kazi yako, mimi naenda bodi kuwashughulikia mabroka."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Wazee walipigana mabega. Mmoja alikiri kwamba na kwake ni hivyohivyo. Walikuwa wamelibeba jambo hili nyumbani kama wajibu na ofisini kama mshale, na hakuna siku ambayo mawili hayo yalikuwa yamekutana njiani.

Kicheko kilipokwisha, Kiambi hakuwa amecheka. "Haya. Lakini wako wengine huko ambao hawana vijana. Pengine broka naye yuko. Utatuambia kwa hakika maziwa yatarudi?"

"Hapana, Mzee. Nadhani yatarudi."

"Kompyuta inadhani?"

"Kompyuta inasema fungeni. Mimi ndiye ninayesema ngojeni, mpaka wanafunzi waende kidato cha kwanza. Yasiporudi, barua ya kufunga kituo nitaiandika mimi, na yangu ya kuacha kazi nitaiambatanisha."

"Hiyo ya pili hatujakuomba," Eunice alisema bila kuinua kichwa.

Walimpa muda. Lakini kungoja ni kazi ngumu kwa mtu ambaye maisha yake yote ya kazi yamekuwa ni kuwapunguzia wengine kungoja. Wiki iliyofuata mstari ulishuka zaidi. Koridoni vijana wa idara ya fedha walimwamkia, "Krismasi njema, madam!" Mtu alichora mti wenye taa kwenye ubao wa matangazo. Kila asubuhi aliiwasha skrini kabla ya wengine kufika na kukitazama kituo kile kilivyo chekundu, na maneno yake mwenyewe chini yake, safi, yasiyo na shaka. Idd ilipita. Hakwenda kwa shangazi zake.

Wanafunzi waliripoti shuleni mapema Mei. Siku chache baadaye Virginia alipiga simu, na mara ile alikuwa anapiga kelele kuushinda mngurumo wa mashine.

"Madam, tangi limejaa! Maziwa ya jioni yamelijaza! Niko na mitungi nje, nipeleke wapi?"

"Ngoja nitume lori."

"Si nilikwambia?"

"Ulinificha, Virginia."

"Nilikwambia ungoje. Mengine ungejua mwenyewe."

Kituo hakikufungwa. Hiyo ndiyo habari yote, na kwa kiwanda kikubwa ni habari ndogo. Haikuandikwa popote isipokuwa katika mstari mmoja wa kumbukumbu za mkutano. Lakini ninapofikiria wasomi wa nambari niliowajua, wengi wao wakitetea mashine zao hata zinapowaaibisha, humkumbuka huyu aliyesimama mbele ya kazi ya mikono yake akaipinga hadharani, kwa adabu, bila kumvua nguo mtu yeyote.

Aliufungua mfumo tena. Alifuta maneno ya pendekezo, na mahali pake akaweka swali: Nani amefika huko? Mkurugenzi hakuweza kuendelea mpaka ajaze jina na siku. Wakubwa walilalamika. Mmoja alijaza jina la marehemu mjomba wake. Mara nyingi nafasi ilibaki wazi na uamuzi ukakwama, na nafasi wazi zilianza kumsumbua Mwanatatu kuliko mishale myekundu ilivyowahi kumsumbua. Alimwandaa kijana wa chuo kuutunza mfumo, kisha akaenda kwa Eunice kuomba ahamishiwe vituoni.

"Unashuka cheo," Eunice alimwambia. "Umeelewa? Hakuna gari. Hakuna ofisi."

"Nimeelewa, Madam."

"Na nani atanieleza nikikwama?"

"Mtanipigia simu. Nitakuwa nimefika."

Eunice aliuzuia uhamisho ule karibu mwaka mzima. Kisha akatia sahihi.

Mwanatatu Sulemani anaishi Runyenjes, katika chumba cha kupanga nyuma ya duka la dawa za mifugo. Anafanya kazi kwenye vituo vya upande wa Embu, na asubuhi nyingi yuko juu ya Kianjokoma.